Kwa Kijana Mwenye Sauti ya Tenori

Mwanangu, nimezika sauti nyingi katika mji huu wa Eldoret, na wenye sauti hizo wote wako hai. Mmoja ana duka la vipuri karibu na steji ya magari ya Kapsabet. Mwingine anafundisha hisabati. Mwingine nilimkuta kanisani mwaka jana amekaa viti vya nyuma, kitabu cha nyimbo kimefungwa magotini, na wimbo ulipoanza hakufungua kinywa. Wote walikuwa tenori. Wote waliimba hadi watu wakasimama, na wote walikuwa na umri kama wako walipoanza kusema, kama unavyosema wewe, kwamba koo linawasha kidogo tu na litapona wakinywa chai ya tangawizi.

Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukuambia. Ukija nyumbani simu yako hailali. Jumamosi asubuhi harusi Turbo, mchana matanga Burnt Forest, jioni mazoezi ya kwaya, Jumapili misa mbili. Katikati ya hayo kuna mtu amekupigia uimbe kwenye harambee, na hapo mfanyabiashara fulani atakusimamisha mbele ya spika kubwa kama mlango na kukuomba uimbe ile ya Pavarotti. Nawe unaimba. Unaimba Nessun dorma ukiwa na miaka 20, nje, kwenye vumbi la Januari, mita 2,100 juu ya usawa wa bahari ambako hewa ni nyembamba na kavu, ukishindana na jenereta. Watu wanapiga vigelegele, unatumiwa shilingi kwenye simu, unarudi chumbani sauti imekwaruza. Kesho yake unaamka unaanza tena.

Nimechoka, lakini sijachoka nawe. Nisikilize taratibu.

Kuna mtu nataka umjue vizuri kuliko unavyomjua Pavarotti. Aliitwa Alfredo Kraus. Alizaliwa tarehe 24 Novemba 1927 mjini Las Palmas, katika Visiwa vya Canary, ambavyo ni vya Hispania ila viko huku kwetu, mkabala na pwani ya Afrika ya kaskazini-magharibi. Baba yake alikuwa Mwaustria, mama yake mwenyeji wa visiwani. Kwa hiyo mtoto alikua na jina la ukoo la watu wa Vienna na lugha ya nyumbani ya Kihispania, na kila alikokwenda mtu angeweza kumuuliza yeye ni wa wapi hasa. Swali hilo unalijua. Nitalirudia.

Kraus alianza kinanda akiwa mtoto mdogo, akaimba kwaya ya shule, kisha akasomea mambo ya ufundi wa viwanda kabla ya kujitia kwenye sauti moja kwa moja. Alitafuta walimu Barcelona, akatafuta Valencia, akafika Milan kwa Mercedes Llopart, mwanamke aliyewahi kuwa soprano na ambaye ndiye aliyemfunza pia Renata Scotto. Hakupanda jukwaa kubwa la opera hadi mwaka 1956, na jukwaa lenyewe lilikuwa Cairo, Afrika hii hii. Aliimba Mtawala wa Mantua katika Rigoletto ya Verdi, opera ileile iliyofungua jumba la opera la Cairo mwaka 1869. Alikuwa na miaka 28. Ishike hesabu hiyo. Kwa umri ulio nao sasa, yeye alikuwa bado na miaka minane kabla ya Cairo, na hakuna aliyejua jina lake.

Halafu kuna jambo ambalo waandishi wengi hulipita haraka, na kwangu mimi ndilo lililomjenga. Huko huko Cairo aliimba pia Cavaradossi katika Tosca ya Puccini. Hiyo ni sehemu ambayo tenori yeyote angeuza shamba aipate. Kraus aliiimba, akasikia inavyomvuta koo, akaiacha. Hakuiacha kwa sababu alishindwa. Alikuwa kijana, alikuwa na njaa ya kazi kama wewe, na milango ndiyo kwanza ilikuwa inafunguka. Lakini alisikiliza mwili wake, akaelewa kwamba sauti aliyopewa ni nyepesi, inayong'aa juu na kuteleza, na kwamba okestra ya Puccini ingemlazimisha asukume. Katika miaka zaidi ya 40 iliyofuata alibaki zaidi na Donizetti, Bellini, sehemu nyepesi za Verdi, na sehemu za Kifaransa: Werther, Faust, Hoffmann, Des Grieux. Walimwita kwenye mengine, wakamwahidi pesa, akasema hapana. Mwaka 1990, siku ile Roma ilipokusanya tenori watatu usiku wa kuamkia fainali ya Kombe la Dunia, na sauti zao zikatoka kwenye spika na kuzunguka dunia nzima, Kraus hakuwemo. Hakulia kwa hilo.

Sasa angalia alikofika. Mwaka 1958 aliimba La traviata Lisbon pamoja na Maria Callas. Mwaka 1959 alikuwa London, 1960 La Scala ya Milan, 1966 Metropolitan ya New York. Mwaka 1986, akikaribia miaka 60, alisimama Paris akaimba Tonio katika La fille du régiment. Kwenye wimbo mmoja wa sehemu hiyo tenori anatakiwa kuipiga Do ya juu mara tisa. Picha za usiku ule zipo, zitafute uzitazame bila kuongea. Usitazame noti, tazama mabega yake. Hayapandi. Tazama shingo: hakuna mshipa uliosimama. Mtu wa umri wa babu anaimba kitu ambacho vijana wa miaka 25 wanakikimbia, na uso wake umetulia kama wa mtu anayezungumza. Aliendelea kuimba hadi karibu na kifo chake Septemba 1999, akapumzika kwa muda tu pale mkewe alipofariki mwaka 1997. Mji wake wa Las Palmas una ukumbi mkubwa wa muziki kando ya bahari wenye jina lake, na ulifunguliwa mwenyewe akiwa hai.

Sasa njoo Diani, kwa tenori mwingine.

Giuseppe Di Stefano alizaliwa mwaka 1921 huko Sicily, kwenye kijiji cha Motta Sant'Anastasia, katika nyumba ya watu wa kipato kidogo. Hakuwa wa damu mbili, lakini alikuja kuishi kwetu, kwenye pwani yetu, na ndiyo maana sikuachi upite bila kumjua. Nikimsikiliza katika rekodi za mwishoni mwa miaka ya 1940 naamini hakuna tenori aliyezaliwa na sauti tamu kuliko hiyo. Alianza jukwaani mwaka 1946, mwaka uliofuata yuko La Scala, na 1948 yuko New York. Huko, katika Faust, aliichukua Do ya juu kwa nguvu kisha akaipunguza polepole, polepole, bila kukata pumzi, hadi ikabaki uzi. Nimemsikiliza pale mara zisizohesabika na bado huwa nainua mkono kumzuia mtu anayeongea chumbani. Mwaka 1953 alirekodi Tosca na Callas na Tito Gobbi, na rekodi hiyo mpaka leo watu hupimia nyingine.

Kisha akaanza kukubali sehemu nzito kuliko sauti yake. Walitaka Don José, akawapa. Walitaka Canio, Radamès, Don Alvaro, Calaf, akawapa zote. Alikuwa mtu mwema, mchangamfu, anayependa watu na maisha, na watu walimpenda wakamwomba, naye hakuweza kuona mikono imenyooshwa akaiacha tupu. Sitaki umcheke. Kosa lake ni la mtu mwenye moyo mpana, na moyo huo unao wewe, ndiyo maana naogopa. Aliimba kwa sauti iliyofunguliwa kama dirisha, akasukuma hadi juu bila kuigeuza, na kwa miaka kumi ilimtii. Mapema miaka ya 1960, kabla hajamaliza miaka 42, ilianza kumgomea. Mwaka 1963 alipangiwa kuimba La bohème London. Aliposhindwa kuendelea, akaingia kijana wa miaka 27 asiyejulikana sana. Kijana huyo alikuwa Luciano Pavarotti, ambaye kwa muda wote huo alikuwa akimhusudu Di Stefano huyo huyo. Mwaka 1973 na 1974 Di Stefano alizunguka dunia na Callas katika ziara ya kuaga, sauti zote mbili zikiwa zimechakaa, watu wakilia ukumbini kwa yale waliyoyakumbuka kuliko yale waliyoyasikia.

Uzeeni alikuwa na nyumba Diani. Mwishoni mwa mwaka 2004 watu walimvamia hapo nyumbani wakampiga kichwani. Alitibiwa Mombasa, akapelekwa Milan, hakupona tena kabisa, na akafariki Machi 2008 akiwa na miaka 86. Hilo halihusiani na koo lake, na mimi kama Mkenya naliona ni deni letu ambalo halikulipwa. Nakutajia kwa sababu mtu huyo aliishi hapa, alivuka barabara zetu, na katika nchi nzima ni watu wachache sana waliojua ni nani aliyekuwa ananunua samaki sokoni Ukunda. Kijana kama wewe angeweza kupanda basi akamwuliza.

Sauti haifi siku moja, mwanangu. Kinachotangulia kuondoka ni ile noti ya juu unayoimba taratibu mtu akidhani unanong'ona. Wewe hutaona, kwa sababu hakuna anayekuomba uimbe taratibu. Wote wanataka mlio. Kisha sauti inaanza kuhitaji muda mrefu kuamka asubuhi. Kisha noti za katikati zinapata hewa ndani yake, kama mlango usiofunga vizuri. Hapo unasukuma zaidi kuficha, na kadiri unavyosukuma ndivyo nyuzi za sauti zinavyogongana na kuvimba, hadi zinaota vinundu. Mwisho wake ni daktari wa masikio, pua na koo anakuambia unyamaze miezi kadhaa, na huna akiba ya kunyamaza. Juzi, kwenye Ave Maria, nilikusikia ukiikwepa ile noti ya taratibu. Uliiimba kwa nguvu na watu wakafurahi. Mimi sikulala vizuri usiku huo.

Hapa Eldoret tusingepaswa kufundishwa jambo hili la kujitunza na Wahispania. Nenda Kaptagat alfajiri uwatazame wanariadha. Eliud Kipchoge alishinda mita 5,000 Paris mwaka 2003 akiwa na miaka 18, na mwaka 2022, miaka 19 baadaye, akakimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Asubuhi nyingi utawakuta wakikimbia polepole, wakiongea, wakicheka. Hawakimbii mashindano kila Jumamosi kwa sababu kuna mtu ameomba.

Sasa lile swali la wewe ni wa wapi.

Mama yako ni Mnandi wa Mosoriot na baba yako ni Mkikuyu wa Munyaka. Mwanzoni mwa mwaka 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, baada ya kanisa la Kiambaa kuchomwa moto watu wakiwa ndani yake, baba yako alilala kwenye hema uwanja wa maonyesho, na mama yako akakubeba mgongoni hadi kwao, kwa sababu hapakuwa na mahali pamoja ambapo ninyi watatu mngelala salama. Hukumbuki. Sisi tunakumbuka, na nadhani tumekukumbushia kupita kiasi. Kila panapoandaliwa mkutano wa amani wanakuita wewe. Wanakusimamisha katikati, wanasema huyu ndiye Kenya tunayoitaka, unaimba, wanasiasa wanashikana mikono, kamera zinazima. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza umesoma wapi muziki au nani anakulipia masomo. Wanaitaka sura yako, na wimbo ni pazia tu. Mwaka wa uchaguzi unakaribia na simu zitaongezeka. Sikukatazi kupenda amani. Nakukataza kukubali kuwa bendera ya mtu kabla hujawa mwimbaji.

Na huko nyumbani napo una kesi. Wajomba zako wanauliza kwa nini huimbi Kinandi. Baba zako wadogo wanauliza kwa nini huimbi nyimbo za Kikuyu. Wote kwa pamoja wanauliza opera ni ya nani kama si ya Wazungu. Hili la mwisho wajibu kwa upole: mwaka 1961 George Shirley, Mmarekani mweusi, mwalimu wa shule kwa kazi yake ya kwanza, aliingia Metropolitan na kuwa tenori wa kwanza mweusi kuimba sehemu kuu pale, akadumu misimu 11. Rhoda Ondeng Wilhelmsen, soprano wa Kenya hii, ndiye aliyeanzisha Baraka Opera, na pale watu wameona opera iliyotungwa hapa, yenye hadithi za hapa, ikiimbwa na Wakenya. Ukumbi wa kwanza wa Kraus ulikuwa Cairo. Mambo haya yamekuwa Afrika muda mrefu.

Kuhusu kuchagua upande, mtazame tena Kraus. Hakuacha ya mamaye. Aliimba na kurekodi zarzuela, michezo ya kuimbwa ya Wahispania ambayo majumba makubwa ya Ulaya yaliiona ni ya kijijini, akaiimba kwa uangalifu uleule aliompa Massenet. Wala hakuona haya kwa jina la baba yake, akalibeba hadi likaandikwa ukutani. Zaidi ya yote alijifunza Kifaransa cha Werther na Kiitaliano cha Rigoletto, lugha ambazo hazikuwa za baba wala za mama, hadi Wafaransa na Waitaliano wakamkubali. Basi imba nyimbo za bembea za bibi yako wa Mosoriot, na tenzi za Kikuyu za shangazi zako, lakini ziimbe kwa sababu unazijua, umezikalia, umezitafutia pumzi. Usiziimbe kumridhisha anayehesabu.

Najua utaniuliza kuhusu kodi ya nyumba. Njaa ni kweli, na mtu aliyeshiba asikuambie vingine. Mama yako anasonga sima ya watu wanne kwa mshahara wa mtu mmoja, na zile shilingi za harusi zinaonekana. Basi tufanye hivi. Piga kinanda kanisani. Mikono haina vinundu. Fundisha watoto solfa siku za Jumamosi, kuna wazazi Elgon View na Kapsoya wanatafuta mwalimu na nimeshaongea na wawili. Chukua harusi moja kwa mwezi, ndani ya ukumbi, wimbo mmoja, na uwaambie kabla kwamba huimbi baada ya saa tatu usiku. Matanga utaimba kwa ndugu na jirani, bila pesa na bila maiki, kama tulivyofanya siku zote. Ukipungukiwa, njoo kwangu kabla hujaenda kwa mwenye spika.

Kuhusu masomo, weka Nessun dorma kabatini hadi utimize miaka 35, na hata hapo tutaitoa pamoja tuone. Calaf, mwenye wimbo huo, si wa sauti yako na huenda asiwe kamwe. Tutaanza na nyimbo fupi za zamani za Kiitaliano, Scarlatti na Giordani, zile zinazoonekana rahisi hadi ujaribu kuziimba bila kudanganya. Kisha Tosti. Kisha Mozart, polepole. Nemorino wa Donizetti tutamgusa ukishaweza kupunguza noti ya juu bila kuikata. Fanya mitihani yako ya nadharia Nairobi, maana watakaokupima huko nje, siku ikifika, watakupa karatasi usiyoijua wakusubiri usome. Kila asubuhi kabla ya kuongea na mtu kunywa maji ya uvuguvugu, na maziwa ya mursik uyaache hadi umalize mazoezi. Siku mbili katika wiki usiimbe kabisa. Hata bafuni.

Jambo moja la mwisho, kwa sababu najua unapokosa ujasiri. Wale wanaokuita kwenye mkutano wa hadhara wa mwezi ujao, usiwaambie unaumwa. Usiwaambie una mtihani wala una safari. Ukitoa sababu watakutafutia dawa, watakuhamishia tarehe, watakutumia gari. Waambie hapana, asante, tafuteni wengine. Wakiuliza ni nani aliyekuzuia, wape namba yangu.